Namna ya kufuatilia ukoo wa dhehebu lako ngazi kwa ngazi, na Papa utamkuta wapi njiani

Nikikutana na mtu anaebishana kuhusu madhehebu huwa namuuliza swali moja tu, yule aliyeanzisha kanisa lenu, siku moja kabla ya kulianzisha alikuwa anasali wapi? Wengi wanakaa kimya kidogo afu wanacheka, manake jibu lipo na halikwepeki, alikuwa anasali kwa watu wengine. Hakuna dhehebu lililoshuka toka mbinguni na viti vyake. Ukilishika swali hilo hilo ukapanda nalo ngazi kwa ngazi bila kuruka unafika mbali sana, na njiani utakutana na Papa wa Roma upende usipende (Papa wa herufi kubwa jamani, sio yule wa baharini). Naandika hapa jinsi mi ninavyofanya. Unahitaji daftari, kalamu, na jioni mbili tatu zenye utulivu.

Kitu cha kwanza, usianze juu. Watu wakitaka kuchora historia ya kanisa wanaanza na siku ya Pentekoste ya Matendo 2 afu wanashuka, wanachora mti wenye shina moja nene na matawi pembeni, na ajabu ni kwamba shina huwa ni kanisa la mchoraji mwenyewe kila mara. Anza chini, pale ulipokaa ibada iliyopita. Andika jina la dhehebu, mwaka lilipoundwa, na waliounda. Afu chini ya kila jina andika alikotoka.

Tumchukue mlokole wa kawaida, kwa sababu huyu ndo anaamini kabisa kwamba hana undugu na Roma. Tuseme kanisa lake ni la familia ya Assemblies of God, hilo liliundwa Marekani 1914. Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Uamsho wa Azusa Street kule Los Angeles, 1906, ukiongozwa na William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Seymour yale mafundisho ya ubatizo wa Roho aliyapata wapi? Kwa Charles Parham, mjini Houston, na hapa usipite haraka, sheria za ubaguzi hazikuruhusu mtu mweusi akae darasa moja na wazungu kwa hiyo Seymour alikuwa anakaa koridoni, nje ya mlango, anasikiliza somo toka huko. Parham nae huko nyuma alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Wamethodisti ni watoto wa John Wesley, ambae alikuwa kasisi wa Anglikana na alikufa 1791 akiwa bado kasisi wa Anglikana, hakuwahi kujitoa. Waanglikana walikatana na Roma 1534 chini ya mfalme Henry VIII. Na kiti cha Canterbury alichokikuta Henry kilianzia kwa mmonaki mmoja anaitwa Augustine (sio yule wa Hippo, huyu ni mwingine) aliyefika Kent mwaka 597, na aliyemtuma ni Papa Gregori wa Kwanza. Ukristo ulikuwepo kisiwani hata kabla yake, ila huo mstari wa maaskofu wa Canterbury unaanza na yeye.

Hesabu mwenyewe, ngazi sita, mlokole ameshafika kwa Papa.

Fanya hivyo hivyo na wengine, zoezi linakuwa rahisi ukishazoea. Msabato atapita kwa William Miller, mkulima Mbaptisti aliyesubiri Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844, na kwa Ellen White aliyelelewa Mmethodisti, kanisa lenyewe likapangwa rasmi 1863, na habari ya Sabato ilifika kwao kupitia mama mmoja wa Wabaptisti wa Siku ya Saba. Mbaptisti atapita kwa John Smyth, kasisi wa zamani wa Anglikana aliyekimbilia Amsterdam, ambae 1609 aliona hakuna mtu aliyebatizwa sawasawa wa kumbatiza yeye, basi akajibatiza mwenyewe. Mmennonite atapita kwa Menno Simons, padre Mkatoliki mpaka 1536. Mmoravian atarudi mpaka kwa wafuasi wa Jan Hus, padre wa Bohemia. Mlutheri hana safari ndefu, ngazi moja tu, Martin Luther, mmonaki wa shirika la Waagustino.

Ukija kwa hawa manabii wanaofungua kanisa kwenye hema na kusema Mungu aliwaita moja kwa moja bila mtu kati, usibishane nao. We angalia wanabatiza kwa jina la nani, wanasoma Biblia yenye vitabu vingapi, wanakutana siku gani. Ukoo unaonekana usoni hata mtoto akikataa baba.

Sasa kitu cha pili, na hapa ndo watu wanakosea sana. Kila unapofika kwenye mgawanyiko, usiandike tu waligombania nini. Andika safu tatu: waligombania nini, nani mwenye jeshi alikuwa nyuma yao, na waliondoka wamebeba nini. Safu ya tatu ndo ya muhimu na ndo huwa tupu kwenye vitabu vingi vya kusifia dhehebu.

Mchukue Luther. Kila mtu anajua 31 Oktoba 1517, Wittenberg, hoja 95. Wachache sana wamezisoma. Zisome, ni fupi, saa moja haiishi. Utakuta hoja ya 71 inasema anaepinga ukweli wa rehema za Papa (vile vyeti vya kusamehewa adhabu ya dhambi) na alaaniwe! Ndio, Luther huyo huyo. Na hoja ya 50 inasema kwamba Papa angejua wahubiri wa rehema wanavyowakamua watu angeona bora basilika la Mtakatifu Petro liungue liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi na nyama na mifupa ya kondoo wake. Huyo sio mtu anaefungua dhehebu, huyo ni padre anaelalamika kwa bosi wake akidhani bosi hajaambiwa. Bosi akajibu kwa hati ya onyo 1520, Luther akaichoma moto hadharani mwezi Desemba, Januari 1521 akatengwa. Miaka mitatu na kitu tu toka malalamiko mpaka talaka.

Safu ya pili: Frederick, mtawala wa Saxony, alimficha kwenye ngome ya Wartburg. Mlinganishe na Jan Hus aliyelalamikia mambo ya jinsi hiyo hiyo miaka mia moja nyuma, akaenda kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstanz akiwa na barua ya usalama toka kwa mfalme Sigismund, na bado wakamchoma tarehe 6 Julai 1415. Tofauti kubwa kati ya Hus na Luther mi naiona kwenye safu hii kuliko kwenye teolojia, ila najua wapo watakaonirukia.

Safu ya tatu: alibeba nini? Ubatizo wa watoto, Kanuni ya Imani ya Nikea, Jumapili, Kwaresima, Krismasi, Pasaka, mpangilio wa misa (akibadilisha vipande tu), vitabu 27 vya Agano Jipya. Ukijumlisha, alichoacha Roma ni kidogo kuliko alichoondoka nacho. Na ndo maana waliogombana vibaya zaidi baadae ni Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1529 pale Marburg Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, walikalishwa meza moja wapatane, Luther akachukua chaki akaandika juu ya meza kwa Kilatini "Huu ndio mwili wangu", na kila Zwingli akileta hoja kwamba mkate ni ishara tu anarudishwa kwenye yale maneno. Walikubaliana karibu kila kitu isipokuwa hilo, wakaachana. Mistari miwili tofauti kwenye daftari lako inaanzia kwenye ile meza.

Henry VIII ni kichekesho kidogo. 1521 aliandika kitabu cha kumpinga Luther na Papa Leo wa Kumi akampa cheo cha Mtetezi wa Imani. Miaka 13 baadae akaachana na Papa ila cheo akabaki nacho! Ukishika sarafu ya Uingereza leo, pembeni ya kichwa cha mfalme kuna herufi F D, ndo hicho cheo, kifupi cha Kilatini. Mkuu wa kanisa lililojitenga na Roma anatembea na zawadi ya Papa kwenye pesa ya nchi.

Ukishavuka 1517 kwenda juu punguza mwendo, hapa ndo pana mtego. Waprotestanti wengi wakifika hapa wanaandika "Katoliki" afu wanachora mstari mmoja mpaka kwa Petro, wamemaliza. Bado. Kuna angalau milango mitatu ya zamani ambayo haipiti kwenye Matengenezo (yale ya Luther na wenzake) kabisa.

Mlango wa karibu ni 1054. Tarehe 16 Julai kardinali Humbert aliingia kanisa la Hagia Sophia pale Konstantinopoli akaweka hati ya kumtenga Patriarki (askofu mkuu wa huko) Mikaeli Cerularius juu ya altare, akatoka. Patriarki nae akajibu kwa kuwatenga wajumbe. Ila Papa aliyewatuma, Leo wa Tisa, alikuwa ameshafariki tangu Aprili, yaani hata hiyo hati uhalali wake una maswali. Watu wa kawaida wala hawakushtuka sana siku ile. Kidonda chenyewe hasa ni 1204 wanajeshi wa msalaba toka Magharibi walipoivamia Konstantinopoli na kuipora, Wakristo wakipora Wakristo, hiyo Waorthodoksi hawakusahau. Ile kutengana ya 1054 ilikuja kufutwa rasmi 7 Desemba 1965 na Papa Paulo wa Sita na Patriarki Athenagoras, ila ushirika kamili bado haujarudi.

Mlango wa nyuma zaidi ni 451, mtaguso wa Kalkedonia, ubishi wa jinsi Kristo alivyo Mungu na mtu. Waliokataa maneno ya mtaguso ule ni Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria wa Kiorthodoksi, wapo mpaka leo. Na kiongozi wa Wakopti anaitwa Papa! Sio kwamba ameiga Roma, jina hilo askofu wa Aleksandria alikuwa anaitwa tangu karne ya 3, zamani lilikuwa neno la kawaida tu la kumuita askofu baba. Nyuma zaidi kidogo, baada ya mtaguso wa Efeso 431, kuna Kanisa la Mashariki lililokuwa Uajemi, hawa walifika Uchina mwaka 635 wakati sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini haijasikia injili.

Kwa hiyo andika hivi kwenye daftari: sio wote walichomoka Roma. Wote walichomoka kwenye kanisa moja ambalo Roma ilikuwa mojawapo ya viti vyake vikuu, pamoja na Aleksandria, Antiokia, Konstantinopoli na Yerusalemu. Kama we ni Mprotestanti au Mkatoliki wa kawaida basi ndio, njia yako inapita Roma. Kuna hata makanisa 23 ya Kikatoliki ya Mashariki yaliyo chini ya Papa na bado yana ibada zao, na mengi yana mapadre wenye wake, hawa huwavuruga kabisa watu wanaodhani Katoliki ni kitu kimoja.

Sasa huyo Papa mwenyewe umsomeje? Ushauri wangu, mvue kofia tatu uziweke mezani moja moja, manake watu wakibishana huyu anaongelea kofia moja na yule nyingine, hawatafika popote.

Kofia ya kwanza ni askofu wa Roma. Hii ni ya zamani kweli. Mwishoni mwa karne ya 1 kanisa la Roma liliandika barua ndefu kuwatuliza Wakorintho waliokuwa wanafukuza wazee wao, tunaiita barua ya Klementi. Karibu mwaka 180 Irenaeus wa Lyon anatoa orodha ya maaskofu wa Roma kuanzia Lino. Miaka kama kumi baadae askofu Viktor wa Roma anataka kuwatenga makanisa ya Asia kwa sababu ya tarehe ya Pasaka, na huyo huyo Irenaeus anamwambia punguza jazba. Angalia hapo mambo mawili kwa pamoja, Roma inajiona ina sauti kubwa, na wengine wanaona wana haki ya kuikemea. Mabishano yote ya upapa mpaka leo yamo humo ndani kwa udogo.

Kofia ya pili ni mfalme wa ardhi. Hii ilianza na zawadi ya mfalme Pepin wa Wafranki 756 na ikaisha 1870 jeshi la Italia lilipoingia Roma, afu 1929 ikapatikana Vatikani ya sasa yenye hekta 44 tu. Kulikuwa na hati maarufu iliyosema mfalme Konstantino wa Roma alimpa Papa utawala wa Magharibi yote. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla akaichambua Kilatini chake akaonyesha ni ya kughushi, kwa mfano ndani yake maofisa wa Roma wanaitwa maliwali wa Kiajemi, neno ambalo Warumi wa Konstantino hawakulitumia kwa watu wao. Mi naipenda hiyo kazi, mtu mmoja na kamusi kichwani anaangusha hati iliyotumika karne nyingi. Kofia hii ndo iliyozaa aibu nyingi, kuanzia Mapapa watatu kwa wakati mmoja kati ya 1409 na mtaguso wa Konstanz, mpaka ile hati ya 1452 ya Papa Nikolasi wa Tano iliyompa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani wasio Wakristo. Paulo wa Tatu 1537 alikataza kuwafanya watumwa wenyeji wa Amerika, na Machi 2023 Vatikani ilitamka wazi kwamba inaikana ile dhana ya haki ya "kugundua" na kunyakua nchi za watu. Miaka 571 imepita katikati, usisahau kuiandika.

Kofia ya tatu ni mwalimu na mwamuzi. Tangu mtaguso wa Vatikani wa 1870 Wakatoliki wanafundishwa kwamba Papa hakosei akitamka rasmi jambo la imani au maadili kwa kanisa zima. Watu wanadhani maana yake kila anachosema ni maandiko. Tangu 1870 hilo tamko rasmi limetumika mara moja, 1950, Pio wa Kumi na Mbili kuhusu Maria kupalizwa mbinguni. Basi. Unaweza kulikataa fundisho lenyewe, Waorthodoksi na Waprotestanti wanalikataa, ila likatae lilivyo.

Kabla hujafunga daftari pitisha kwenye chujio zile stori za magrupu ya wotsap, manake lazima utatumiwa. Ya kwanza, eti Biblia ilichaguliwa Nikea 325 kwa kura. Nikea walijadili Arius (padre aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa) na uungu wa Mwana, tarehe ya Pasaka, na wakatoa kanuni 20, orodha ya vitabu haimo. Orodha ya vitabu 27 kama tunavyovijua utaikuta kwenye barua ya Pasaka ya Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Ya pili, eti Jumapili ililetwa na Papa au Konstantino. Konstantino alitoa sheria ya mapumziko ya Jumapili 321, ni kweli, ila mwandishi Mkristo Justin Martyr karibu mwaka 150 anaeleza Wakristo kukutana siku ya jua, wakisoma maandiko, wakisali, wakishiriki mkate na divai. Kama we ni Msabato una hoja zako za Biblia na ni haki yako, ila hiyo ya tarehe iache. Ya tatu, eti Konstantino alianzisha Ukatoliki. Alichofanya 313 pamoja na mfalme mwenzake Licinius ni kuruhusu Ukristo, dini ya dola ilikuja 380 kwa mfalme Theodosius, Konstantino ameshakufa siku nyingi.

Mwisho fanya kazoezi kadogo ka kalenda. Tafuta tarehe ya Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti, afu ya Waorthodoksi. 2025 wote walisherehekea 20 Aprili. 2026 ni 5 Aprili kwa hawa na 12 Aprili kwa wale. 2027 ni 28 Machi kwa hawa, wale mpaka 2 Mei. Utadhani wana sheria mbili, kumbe sheria ni ile ile inayohusishwa na Nikea, Jumapili baada ya mwezi mpevu unaofuata siku ya usiku na mchana kulingana. Kilichowatofautisha ni 1582, Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda, watu wakalala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Nchi za Kiprotestanti ziligoma, Uingereza ikakaza mpaka 1752, mwishowe zikakubali, na leo mchungaji anaemuita Papa mpinga Kristo anapanga mkesha wake kwa kalenda ya Papa. Waorthodoksi karibu wote kwenye Pasaka wamegoma mpaka leo, hawahesabu kwa kalenda ya Papa, wanahesabu kwa ile ya Julius Caesar, ambae hata Mkristo hakuwa.